Mgeni Aliyevua Viatu

Kila Diwali, kabla fataki hazijaanza kulia, sahani ya Ba ilikuwa imeshafika mezani kwetu. Sahani ya stili yenye ukingo uliopinda upande mmoja, imefunikwa kitambaa cheupe, ndani ladu, barfi, jalebi, na chevda pembeni kwa asiyependa sukari. Ba alikuwa na duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, pale Tanga. Jina lake halisi nililijua nikiwa mkubwa. Mtaa mzima, Wahindi kwa Waswahili, ulimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, nasi watoto tulimwamkia "Shikamoo Ba" naye akaitika "Marahaba" bila kuacha kupima kitambaa.

Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Mama aliitunza mpaka sikukuu yetu ifike, akaijaza visheti na kaimati, nami nikatumwa kuivusha barabara. Pilau haikupelekwa, maana Ba hali nyama. Visheti vyake vilikandwa bila yai na kukaangwa kwenye mafuta mapya ambayo hayajagusa samaki. Mama hakufundishwa hayo na mtu. Miaka ya kuishi mkabala ilimfundisha.

Idi moja, nikiwa na miaka kumi na miwili, nilipeleka sahani, nikapewa shukrani na peremende, nikarudi nyumbani. Baada ya robo saa Mama akanituma tena dukani nikachukue uzi. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Mlinzi wa duka alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karatasi magotini, anakula visheti vya mama yangu. Vyote vilikuwa pale. Sahani ilikuwa imeshaoshwa na kuegemezwa kwenye bomba la uani, mbali na jiko la ndani. Nilichukua uzi nikaondoka. Sikumwambia Mama.

Nimeanzia huko kwa sababu miaka kadhaa baadaye, chuoni, nilisomeshwa A Passage to India ya E. M. Forster, na katika sura ya saba nikakutana na Profesa Godbole anakunywa chai. Fielding, mkuu wa chuo, amewaalika watu: Aziz daktari Mwislamu, wanawake wawili wa Kiingereza, na Godbole, Mbrahmani. Wote wanakunywa pamoja isipokuwa Godbole. Yeye ametengewa meza ya chini kidogo nyuma yake, na anakula kwa kunyoosha mkono kinyumenyume, kama mtu aliyekutana na chakula kwa bahati tu. Darasa lilicheka. Mhadhiri naye alicheka. Mimi niliona bomba la uani.

Tangu hapo nimekirudia kitabu hiki mara nne au tano, na kila nikikirudia naona kwamba ni kitabu cha mialiko. Husomwa kama riwaya ya ukoloni, ya kesi, ya pango na mwangwi wake, na ni kweli ni hayo yote. Lakini hesabu karamu zake. Mtoza ushuru wa wilaya anaandaa hafla ya kuwakutanisha Waingereza na Wahindi, na wageni wanabaki wamesimama pande mbili za uwanja. Familia ya Bhattacharya inawaalika wanawake wawili wa Kiingereza na kuahidi gari la farasi, na gari haliji. Chai ya Fielding inaanza vizuri mpaka anapoingia Ronny, hakimu kijana, na kuona Mwingereza mwanamke amekaa na Wahindi. Aziz, kwa aibu ya chumba chake chenye nzi, anawaalika watu kwenye mapango ya Marabar badala ya nyumbani kwake, anakopa, anatafuta tembo, anahangaika nani hali nini na nani hawezi kula mbele ya nani, hapati usingizi. Ukarimu huo ndio unaompeleka rumande.

Humohumo kwenye chai ya Fielding, Godbole anaombwa aimbe, na wimbo wake pia ni mwaliko. Msichana wa wafugaji anamwita Krishna aje. Mungu haji. Bibi Moore anauliza: lakini katika wimbo mwingine atakuja, sivyo? Godbole anajibu kwa upole kwamba hapana, hata huko haji. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika pembeni mwa ukurasa "falsafa ya Kihindu". Leo ningeandika kitu kingine: huyu peke yake, katika kitabu kizima, anajua kualika bila kumlazimisha mgeni afike.

Baada ya karamu nne zilizoharibika, Forster anatupeleka mamia ya maili magharibi, katika jimbo dogo la Mau, msimu wa mvua, usiku wa kuzaliwa kwa Krishna. Hapa kuna sherehe ya tano, na ni ya kwanza inayofanikiwa. Nadhani inafanikiwa kwa sababu hakuna aliyealikwa. Ukumbi wa ikulu umejaa wanavijiji walioloa mvua, waimbaji wanapokezana kwa zamu, bendi ya matarumbeta inapiga muziki wa Kizungu uani bila kuulizwa na mtu, na juu ya ukuta kuna kibao cha Kiingereza kinachotaka kusema kwamba Mungu ni upendo, lakini herufi mbili zimebadilishana nafasi. Hakuna aliyejali kukisahihisha. Saa sita ya usiku mtoto anazaliwa, watu wanarushiana unga mwekundu, wakubwa wanacheza michezo ya kitoto, siagi inawatiririka usoni. Raja wa Mau, mgonjwa mahututi, anabebwa aje aone, anaona, anarudishwa kitandani na kufa, na kifo chake kinafichwa ili sherehe isikatike.

Sherehe hii Forster hakuibuni. Aliiona, au tuseme ilimpata. Mara ya kwanza alifika India mwaka 1912 akakaa mpaka 1913, na kupitia rafiki yake Malcolm Darling, aliyewahi kuwa mwalimu wa maharaja kijana, akafahamiana na Tukoji Rao wa Tatu, mtawala wa Dewas Senior, jimbo dogo la Malwa chini ya kilima chenye hekalu la mungu wa kike. Mwaka 1921 alirudi huko kama katibu wake binafsi kwa miezi kama sita. Alikabidhiwa bustani, viwanja vya tenisi, magari, nyumba ya wageni na mtambo wa umeme, mambo ambayo hakuna hata moja aliloliweza. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Nyerere aliutumia msemo huo mwaka 1962 kueleza ujamaa. Maharaja wa Dewas alimpa mgeni wake jembe, kisha akavumilia kuona halilimi.

Agosti ya mwaka huo ikaja Gokul Ashtami, siku nane za kuimba bila kukoma katika ikulu ya zamani. Barua alizowaandikia ndugu na marafiki alizichapisha mwaka 1953 katika The Hill of Devi, na zinasomeka kama barua za mtu aliyekosa usingizi. Analalamika juu ya kelele. Analalamika kwamba madhabahu yamejaa vikorokoro, maua yaliyofifia juu ya vitambaa vya kung'aa juu ya picha za kuchapwa, kwamba hakuna anayeona uzuri wala mpangilio. Miguu inamuuma, kwa sababu amevua viatu kama wote na anatembea peku. Amevaa nguo za Kihindi, amepakwa rangi, amesimama karibu kabisa na mfalme anayecheza mbele ya mungu wake. Halafu, katikati ya kunung'unika, anamtazama rafiki yake usoni na kuona furaha asiyoweza kuieleza, na kwa sentensi chache kalamu inaacha kucheka.

Watu huzisoma barua hizi kuona "asili" ya riwaya, huyu anafanana na yule, mto huu ni ziwa lile. Kilichonigusa mimi ni kitu alichokitoa. Katika barua, Mwingereza yumo ukumbini, peku, karibu na madhabahu. Katika riwaya, ukumbini hamna Mwingereza hata mmoja. Fielding amefika Mau usiku huohuo na mkewe na shemeji yake, lakini wako nyumba ya wageni upande wa pili, mvua inawanyeshea, hakuna anayewahudumia kwa sababu wenyeji wote wana shughuli kubwa zaidi. Forster alikuwa na tiketi bora kuliko mwandishi yeyote wa Kiingereza wa wakati wake, aliona kwa macho yake, na alipokuja kuandika alijiondoa mwenyewe kwenye kiti.

Mahali pake alimweka nani? Alimweka marehemu. Godbole anaimba, mawazo yanazunguka, na ghafla anamkumbuka Bibi Moore, mwanamke aliyekutana naye kidogo tu miaka miwili nyuma. Anamkumbuka, anamsukuma kwa upendo kuelekea palipo kamili. Anafanya hivyohivyo kwa nyigu aliyemwona mahali fulani. Anajaribu na jiwe ambalo nyigu alikuwa ametua juu yake, na jiwe linamshinda. Huyo ndiye mgeni pekee wa Kiingereza aliyeingia katika sherehe ya Mau: hakuomba, hajui kwamba ameingia, na hawezi kuandika chochote juu yake. Katika fasihi yote niliyoisoma kuhusu wageni kwenye sikukuu za watu, sijaona mwandishi mwingine aliyekubali namna hii kwamba kualikwa moyoni mwa mwenyeji kunaweza kutokea wewe usijue, na wewe kukaa mstari wa mbele kusiwe na maana yoyote.

Linganisha na J. R. Ackerley, ambaye Forster mwenyewe alimsaidia kupata kazi kama yake kwa maharaja wa Chhatarpur, na ambaye mwaka 1932 alichapisha Hindoo Holiday. Kitabu kinachekesha kweli, nilikisoma kwa siku mbili. Lakini mwenyeji ndiye kichekesho tangu mwanzo, hadi jina la jimbo limegeuzwa kuwa utani. Ni kitabu cha mgeni anayekula huku anakonyeza wenzake walioko London. Forster wa kwenye barua ana dalili za ugonjwa huohuo. Forster wa kwenye riwaya alijitibu, angalau kwa kiasi.

Nasema kwa kiasi kwa sababu nina manung'uniko yangu. Anatuonyesha siagi usoni mwa watu wazima, hatuonyeshi mikono iliyoisukasuka. Mtu yeyote aliyekulia karibu na nyumba ya Wahindu anajua kwamba sikukuu inaanza wiki mbili kabla, jikoni, na harufu ya iliki na samli inavuka barabara mapema kuliko mwaliko wowote. Ba na wakwe zake walikuwa hawalali. Forster alikuwa mwanamume na mgeni wa mfalme, jikoni hakuwa na njia ya kufika, sawa. Hata hivyo, riwaya inayozungumza kwa uzito namna hii juu ya kujumuisha kila kitu, mpaka nyigu, ingeweza kumjumuisha mpishi.

La pili ni gumu zaidi. Mwaka 1983, miaka kumi na mitatu baada ya kifo chake, yalichapishwa maandishi yake ambayo hakuthubutu kuyatoa akiwa hai, yanayosimulia uhusiano wake na kinyozi mmoja wa ikulu ya Dewas, mtu wa chini kabisa katika nyumba ile, na jinsi uhusiano huo ulivyomwonjesha ubwana na ukatili ambao hakujua anao. Hakujitetea. Lakini soma sasa The Hill of Devi ukilijua hilo, na yule mgeni mpole wa barua, anayelalamikia kelele na kusifu upole wa maharaja, hakai tena vilevile kwenye kiti chake. Ukarimu wa mwenye nyumba ulimfikia mgeni ukipitia miili ya watu ambao wenyewe hawakuwa wageni wa mtu.

Nashangaa basi kwamba riwaya inajua hili kuliko mwandishi wake. Siku ya mwisho, wakati msafara wa mungu uko tayari kutoka ikulu, lango linafunguliwa na nje wamesimama wafagiaji, watu wasioguswa, na bendi yao. Msafara wote unawangoja. Kanuni inataka muziki wao usikike kwanza, kutoka nje ya lango, ndipo mungu aweze kutoka. Wanapiga, kisha msafara unaendelea. Mara ya kwanza niliisoma aya hiyo kama pambo zuri. Sasa inanikaba. Mwaka 1921, Mwingereza asiye Mhindu, mla nyama, aliingia peku mpaka karibu na madhabahu ya Dewas. Katika mahekalu mengi ya India wakati huohuo, Mhindu wa tabaka la wafagiaji alizuiwa mlangoni. Jimbo la Travancore, kusini, lilitangaza kuwafungulia mahekalu yake Novemba 1936, na lilisifiwa kwa sababu lilikuwa jambo geni. Kumkaribisha mtu wa mbali ni rahisi. Anakuja, anashangaa, anaondoka, na hadithi yake inakupa heshima. Mtu wa karibu akishaingia anabaki, na kesho yake atauliza kwa nini jana alikuwa nje.

Kuna fundisho katika Taittiriya Upanishad, mwanafunzi anayehitimu anaambiwa amchukulie mgeni kama mungu. Siku hizi maneno hayo yamekuwa kaulimbiu ya kampeni ya utalii ya serikali ya India, yameandikwa kwenye mabango ya kuwakumbusha madereva wa teksi wasiwapunje watalii. Silaumu. Lakini fundisho lilimlenga mwenyeji, lilimpa wajibu. Likishabandikwa kwenye bango linamwambia mgeni kwamba yeye ni mungu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Matokeo yake yanaonekana kila Machi, kwenye matamasha ya kurushiana rangi ambayo miji mingi duniani sasa inayauzia tiketi: picha nzuri, muziki wa DJ, fulana nyeupe zilizonunuliwa kwa ajili ya kuchafuliwa, na Holi yenyewe, pamoja na moto wake wa usiku uliotangulia na majirani wanaosameheana, haipo.

Aziz hahudhurii Gokul Ashtami. Hili wahakiki huligusa na kupita, nami nadhani ndilo jambo la maana kwetu wasomaji wa pwani hii. Yeye ndiye mgeni wa kweli wa Mau, Mwislamu aliyekimbilia jimbo la Kihindu baada ya kesi, amepewa kazi na Godbole, anaishi nao mwaka wa pili. Usiku wa sherehe kubwa yeye yuko na shughuli zake na mashairi yake. Haijali sherehe, haidharau, haelewi inahusu nini na hasumbuki kuelewa. Wahindu wa Mau nao hawamsumbui. Yeye ni jirani, na jirani ana haki ambayo mgeni hana, haki ya kutokuja.

Mgeni lazima ashangae. Akipewa ladu lazima aseme tamu. Forster wa kwenye barua anachoka kwa sababu hiyo, kila dakika ya siku nane alipaswa kuwa na maoni. Aziz hana maoni. Na bado ni Aziz, asiyejali, anayepanda mashua na Ralph, mtoto wa Bibi Moore, kumpeleka karibu na msafara, kwa sababu kijana ni mgeni wake, si wa Krishna. Mashua yao inagongana na ya Fielding katikati ya ziwa, mbele ya mtumishi aliyeingia majini amebeba trei yenye kijiji cha Gokul kilichofinyangwa kwa udongo, na wote wanapinduka, Mwislamu, Waingereza, makasia, trei, barua. Hakuna aliyepanga washiriki. Walikuwa wanapita.

M. G. Vassanji, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, aliandika kitabu kizima, A Place Within, kuhusu kwenda India ya mababu ambayo hakuwahi kuiona mpaka miaka ya tisini, na muda wote hajui kama ahesabiwe mwenyeji au mgeni. Nilitegemea nikipende kuliko kile cha Forster. Nilikipenda kwa namna nyingine. Anajua mno. Anatambua nyimbo kwa sababu bibi zake waliimba za aina hiyo jamatini, na mtu anayetambua hawezi kusema, kama Forster alivyolazimika kusema, kwamba kuna kitu kinatokea mbele yake na yeye hana neno lake.

Nirudi kwenye meza ya Godbole, ile ya chini, ya nyuma. Kwa muda mrefu niliichukia kwa niaba ya mama yangu. Sasa naiona kwamba iko chumbani. Godbole alikuja. Hakukataa mwaliko kwa sababu hawezi kula na watu. Alikuja, akakaa, akaongea, akaimba, na chakula chake kikawekwa mahali anapoweza kukifikia bila kuvunja nadhiri yake na bila kumvunjia heshima aliyemwalika. Fielding naye hakumuuliza kwa nini. Chai ile iliharibiwa na Ronny. Meza haikuharibu kitu. Inawezekana Ba alikuwa anafanya hivyohivyo, anapokea kwa mikono miwili kile asichoweza kukila, na mimi niliona nusu tu ya tendo.

Lakini kuna mlinzi. Nikimfikiria Ba peke yake nasamehe haraka, tena kwa raha, halafu namkumbuka yule mzee juu ya ndoo. Diwali ngapi alikaa pale uani akisikia fataki? Sahani ya Ba ilivuka barabara kuja kwetu kila mwaka. Sahani yetu ilivuka kurudi. Katikati ya barabara hiyo, kwa miaka yote, kulikuwa na mtu aliyekula visheti vya Idi kwa sababu tu havikuweza kuliwa na aliyeandikiwa. Na nyumbani kwetu kulikuwa na dada wa kazi aliyetoka Lushoto, Mkristo, ambaye Krismasi zake sikumbuki hata moja.

Mwaka juzi nilikwenda Tanga kumwona Mama. Duka la Ba sasa linauza simu na vioo vya simu. Yeye alihamia Leicester kwa watoto wake muda mrefu, na huko akafariki. Jioni, tukiwa tumekaa barazani, nikamwambia Mama habari ya visheti, mlinzi na bomba, jambo nililolificha miaka yote nikidhani namlinda. Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Nilikuwa najua," akasema. "Mlinzi mwenyewe aliniambia. Alikuja kuomba niongeze iliki."

"Na hukukasirika?"

"Nikasirike nini? Kwani mimi zile barfi za Ba nilikuwa nazila? Sukari tupu. Nyie mlikuwa mnagombea jalebi, zilizobaki nampa mama wa mkaa."

Baadaye, wakati wa kupakua chakula, nilifungua kabati nikachukua sahani ya kwanza iliyonijia mkononi. Ilikuwa ya stili, ukingo umepinda upande mmoja. Diwali ya mwisho kabla Ba hajaondoka ilikuja kwetu ikiwa imejaa, na Idi ilipofika duka lilikuwa limefungwa.

"Rudisha hiyo," Mama akasema kutoka jikoni. "Ya Ba hiyo. Chukua nyingine."

Nikairudisha, nikachukua nyingine.